Ukurasa Mweupe wa Shangazi

Nilijifunza kutengeneza tovuti ukubwani, katika masomo ya jioni, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa tovuti ya jumuiya yetu ya maombi. Wagonjwa huandika humo shida zao, nasi huwaombea.

Tulipoijenga upya, kiongozi wetu, tuliyemwita Injinia, alisema haitafunguka tena kwenye vivinjari vya zamani, yaani zile programu za kufungulia kurasa za mtandao. Nilimweleza kuhusu shangazi yangu. Miguu haimbebi, na kompyuta aliyoachiwa na mumewe haipokei kivinjari kipya. Kuwaombea wale wagonjwa ndiyo kazi pekee iliyomwamsha asubuhi. Injinia alicheka kwa upole.

"Dada, kivinjari hicho ni marehemu. Utampikia maiti uji mpaka lini?"

Hakuwa mtu mbaya. Kivinjari kile kilikuwa na mianya, na siri za wagonjwa zingeweza kuvuja. Nilikubali yaishe, nikaazimia kumpelekea shangazi simu yangu ya akiba Jumamosi. Lakini tovuti mpya ilianza kutumika Jumatatu, kabla sijafika kwake.

Jumamosi jirani anayemwangalia alinidokeza mlangoni kwamba siku hizi sahani anazompelekea zinarudi na chakula hakijaguswa. Ndani, kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa. Shangazi alikuwa kitandani, amekonda, uso unang'aa.

"Mwanangu, Mungu ni mwema. Nafungua asubuhi, ukurasa mweupe. Nafungua jioni, mweupe. Hakuna mgonjwa hata mmoja."

Alikuwa ameimba sana, akasema. Kisha alimwambia Mungu kwamba yuko tayari kuitwa, maana kibarua alichobakiziwa duniani kimekwisha.

Nilitamani kumwachia furaha ile. Niliomba kimoyomoyo nipewe neno la kumwambia, sikupewa. Nikawasha simu.

"Shangazi, wagonjwa wapo. Hiyo kompyuta ndiyo haiwaonyeshi tena."

Aligeuza uso kuitazama kompyuta iliyofunikwa. Kisha akaanza kuwaulizia, mmoja mmoja, kama mtu anayerudi safarini. Fundi cherehani mwenye kifua? Bado anakohoa. Mapacha waliozaliwa kabla ya wakati? Bado hospitalini.

"Na yule mama wa figo?"

"Alifariki Jumatano, shangazi."

"Jumatano," alisema. "Jumatano mimi nilikuwa naimba."

Alijifuta macho kwa ncha ya shuka, akaninyooshea mkono nimwinue. Nilimwekea mto mgongoni. Akaniambia nimsomee maombi kwenye simu polepole, nisimruke mtu, nami nikaanza kutoka juu.