Jina la Baba Nurlan

Kampuni ya simu haikumuuliza mtu. Iliamka siku moja ikafuta orodha ya majina na picha, ikasema kuanzia leo ukitaka ujumbe wa mtu, taja jina lake halisi, kwa sauti yako mwenyewe. Eti maendeleo! Nani hapa Naryn, milimani kwetu, aliwahi kulalamika kwamba kubonyeza kwa kidole kunamchosha?

Burulcha alikuwa na jumbe arobaini na tatu za sauti ya marehemu mumewe kwenye simu yake, alizomtumia akiwa malishoni na kondoo. Kila asubuhi, chai ikichemka, alisikiliza moja. Sasa simu ikawa inamwambia tu, "Taja jina." Na mke wa Kikirgizi aliyelelewa akaleleka hataji jina la mume, awe hai au awe kaburini. Miaka thelathini na moja alimwita Baba Nurlan, na simu haikumjua Baba Nurlan.

Mama mkwe wake, bibi Kalyipa, akajaribu yeye. "Toktosun." Simu ikakataa, sauti si ya mwenye simu.

"Jinga hili. Mimi ndiye niliyemzaa," akasema Kalyipa. "Basi litaje wewe, mwanangu. Nani atakucheka? Mimi nina meno mawili tu."

"Ulimi unakataa, mama."

"Ulimi huo huo unaonisengenya kwa majirani?"

Wakacheka, kisha Burulcha akalia. 

Kumbe wanawake nchi nzima walikwama vivyo hivyo. Wengine wakahama kampuni, wengine wakaenda kuketi mlangoni mwa ofisi zake na birika zao za chai. Siku ya kumi na tisa kampuni ikanywea: samahani, tumewasikia, orodha inarudi.

Burulcha akabonyeza picha ya mumewe. "Mama Nurlan, huku theluji imeanguka. Umekula?" Akasikiliza mara tatu. Alipoinua uso, alimwona mama mkwe amejiinamia.

"Hujafurahi, mama?"

"Nimefurahi. Ila nilikuwa nangoja ulitaje. Tangu tumzike, ni mimi peke yangu ninayemwita kwa jina lake. Nikifa, nani atamwita?"

Burulcha akaiweka simu chini. Akafuta mikono kwenye aproni, akageukia mlango.

"Toktosun," akasema kwa sauti ndogo, uso ukimwaka kwa haya. "Njoo unywe chai."

"Naam," akaitikia Kalyipa, kwa niaba ya mwanawe.