Mmeksiko Asiyekata

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe kumi na nne ya mwezi wa pili, asubuhi, hospitali ilipokuwa inafungua jengo lake jipya. Utepe mwekundu ulikuwa umefungwa mlangoni. Mgeni rasmi alikuwa ameshika mkasi, na Mkubwa wa hospitali amesimama ubavuni kwake na redio ya mkononi, ile ya kuzungumzia na mafundi.

Katika chumba cha swichi, nyuma ya jiko, fundi umeme alikuwa ameshika wenzo wa laini ya jengo la zamani. Maagizo yake yalikuwa mafupi. Wagonjwa wote wakishahamishwa utasikia redioni neno moja, kata. Ukilisikia, kata, umeme wote uende jengo jipya, taa ziwake, wageni wafurahi.

Wagonjwa walikuwa bado wanahamishwa. Redio ikasema, "Kata."

Mgeni rasmi akakata utepe. Fundi umeme akakata umeme. Katika jengo la zamani, mke wa Fundi Viti alikuwa amelala na mashine inampumulia. Mashine ikanyamaza, naye akakata roho kabla makofi hayajaisha.

Tume iliundwa. Ikamuuliza Mkubwa: ulipotamka neno lile, ulikuwa unamwambia nani, mwenye mkasi au mwenye wenzo? Mkubwa akasema hilo ni swali zuri. Tume ikakubaliana naye kwamba ni swali zuri, ikanywa soda, ikatawanyika. Fundi umeme akafukuzwa kazi. Mkubwa akapandishwa cheo, akapewa kusimamia mambo ya sanaa na utamaduni ya mji mzima, kwa sababu wakubwa hawaanguki, huhamishwa kiti. Tangu siku ile hakusikika tena akilitamka neno lile. Kucha alizipunguza. Keki aliigawa. Dereva wake alimwambia apinde kona.

Fundi Viti alirudi kazini baada ya msiba. Kazi yake ilikuwa kuvisha viti upya: anafumua kitambaa, anabadilisha sponji, anashona. Alikuwa akijichoma kidole na sindano, anaona damu, halafu anatafuta mahali pa kuipangusia ili isichafue kitambaa. Maumivu hayakuja. Chai ilikuwa moto au ilikuwa baridi, basi. Watu walimwambia pole, naye akaitikia nimeshapoa. Kweli alikuwa amepoa.

Mwaka uliofuata alipewa kazi ya viti vya ukumbi wa sinema. Vilikuwa vimechoka, vingine vinamtolea mtu springi kama jogoo anayetoa kucha. Kila Alhamisi alasiri ukumbi ule ulikuwa wa chama cha wapenda filamu, watu kadhaa tu, wanaotazama kisha wanabishana. Fundi Viti hakuwa mwanachama. Aliendelea kushona pembeni chini ya taa ndogo, wao wakizozana.

Msimu ule walikuwa wanabishania Mmeksiko.

Mmeksiko alikuwa mwongozaji wa filamu, mtu mzima, mwenye tuzo nyingi kiasi kwamba, kwa maelezo ya Kinyozi, mmoja wa wanachama, nyumbani kwake lazima wanazitumia kuzuilia milango. Filamu yake waliyokuwa nayo ilimhusu mchukuzi wa mizigo anayesubiri treni iliyochelewa. Sifa ya Mmeksiko ilikuwa moja: akishaweka kamera, haondoi. Hakati. Picha inaanza, watu wanaingia na kutoka, jua linahama ukutani, mtoto analia nje na wala haonyeshwi, na kamera imetulia kama shangazi aliyekuja kukaa.

"Huyu ndiye bingwa," alisema Mwalimu, mzee mstaafu aliyekuwa mwenyekiti wa chama. "Wengine wanakuonyesha uso wa mkubwa, wakiona umechoka wanakurukisha kwingine. Huyu anakuachia picha nzima. Aliye nyuma ana haki sawa na aliye mbele. Subira yavuta heri."

"Ngojangoja huumiza matumbo," Kinyozi akajibu. "Mwalimu, mimi mteja akikaa kwenye kiti changu nikamtazama tu saa nzima, nikamwambia sikati ila mwanga nimeuonyesha vizuri, atanipa tuzo?"

"Kichwa na filamu ni vitu viwili."

"Vyote vikiachwa vinaota chawa."

Mama wa Mashine akacheka juu kwenye kidirisha chake. Yeye ndiye aliyekuwa akiendesha mtambo wa kuonyeshea, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kufukuza kuku wa jirani. Fundi umeme aliyefukuzwa alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Tangu afukuzwe alikuwa anakaa kwake, anatengeneza redio za watu.

Kwenye filamu ile kulikuwa na picha moja ndefu kuliko zote, ya chumba cha kungojea treni. Mchukuzi amekaa mbele na kofia magotini. Nyuma kuna benchi, na nyuma ya benchi mlango uliofunguliwa. Alhamisi ya pili Fundi Viti alinyanyua macho kutafuta mkasi wake akamwona mkewe ameingia kwa mlango ule, akakaa kwenye benchi. Alikuwa amevaa gauni la hospitali la kijani na kandambili zake mwenyewe. Moja ilikuwa na ukanda alioushona yeye kwa uzi wa bluu wa viti.

"Yule si mkeo?" aliuliza Mama wa Mashine.

"Ndiye."

"Amepungua kidogo."

"Alikwenda hivyohivyo."

Kinyozi akajisogeza mbele kwenye kiti. "Hapo nitampa Mmeksiko haki yake. Jicho analo."

Mwalimu alieleza kwamba hiyo ndiyo mbinu yenyewe. Mwongozaji anayekatakata anafunga mlango kila dakika. Huyu anauacha wazi nyuma ya picha, na anayetaka kuingia anaingia. Kinyozi akasema nyumba ya hivyo huingiwa na mbuzi. Wakabishana mpaka wakachoka, kisha wakarudi makwao.

Alhamisi zilizofuata picha ile ikawa inarefuka. Mchukuzi alikuwa akivaa kofia yake na kutoka, maana treni yake ilikuwa imefika, lakini kamera haikumfuata. Ilibaki na mwanamke kwenye benchi. Wanachama walianza kuja na karanga. Kisha siku moja mwanamke akasema.

"Baba watoto, umekula?"

Alisema kama alivyosema siku zote, kwa sauti ya mtu anayelijua jibu. Chini ya picha yakatokea maneno yake kwa Kihispania, kwa wasioelewa.

"Nimekula," akasema Fundi Viti.

"Umekula nini?"

"Chai."

"Chai si kula. Na kile kiti cha sebuleni umeshakishona?"

"Bado."

"Fundi viti mzima, kwako wageni wanakalia ndoo."

Kinyozi akapiga paja. Mwalimu akamnyamazisha, akasema mazungumzo haya ni ya kawaida sana katika kazi za Mmeksiko, hana makuu. Halafu akawaonyesha jambo: kwa Kihispania swali lina alama mbili, ya mwanzo imepinduliwa kichwa chini, ili anayesoma ajue mapema kwamba anaulizwa.

Fundi Viti alichoma sindano kwenye sponji, akaiacha hapo. "Mama watoto, unangoja nini hapo?"

"Nangoja kuambiwa. Nilikuwa nimelala, nikasikia sauti kwenye redio ya nesi inasema kata. Nikatii, nikaondoka. Njiani nikawaza, mbona hata sikuuliza? Kama neno lile aliambiwa mwenye mkasi, basi mimi sikuambiwa nife. Nimejiondokea tu. Nimekaa hapa mpaka nijue."

"Ukijua?"

"Nikijua nitapumzika. Huku kwingine kote wanakatakata, hakuna pa kukaa."

Basi ikawa hivyo. Kila Alhamisi Fundi Viti alikuwa anakuja kwenye viti vyake, hata vilivyokuwa vimekwisha, anavifumua na kuvishona upya ili kazi isiishe. Wakizungumza habari za nyumbani. Hakulia, wala hakufurahi. Lakini siku moja alijichoma, akasema "ah," kidogo, na mkewe akamwambia apulize.

Ndipo ukaja ujumbe kutoka kwa Mkubwa. Yeye sasa ndiye mlezi wa chama. Alhamisi ijayo angekuja na wageni kuangalia kazi ya vijana wa utamaduni, ingawa katika chama kijana wao alikuwa Kinyozi, mwenye wajukuu. Alikuwa amesikia kuna mahali pamerefuka. Pafupishwe.

Chama kilikaa kujadili. Mwalimu alizungumza kwa uchungu juu ya ukuu wa Mmeksiko, jinsi asivyotumia muziki kumlazimisha mtu alie, jinsi anavyochukua watu wa mitaani badala ya waigizaji, jinsi mwanga wake unavyozeeka polepole. Akamalizia kwa kusema msanii ni msanii lakini mgeni ni mgeni, na mwenye nguvu mpishe.

"Naomba neno," akasema Fundi Viti.

"Wewe si mwanachama," akasema Mwalimu, lakini kwa upole. "Sema."

Fundi Viti hakuwa na maneno ya filamu. Alisimama na uzi mdomoni, akautoa. "Kamera yake ameiweka kimo cha mtu aliyekaa. Mtu aliyekaa haondoki. Wakubwa kazi yao kupita, wanapunga mkono, wanakata, wanakwenda. Na huyu Mmeksiko naye ni kiongozi, si ndiyo, anaongoza filamu? Neno la kukata analo mdomoni. Halisemi. Mimi sijui kama ni ustadi. Mke wangu amekaa pale."

Walimsikiliza. Halafu wakapiga kura, na kura ikasema pafupishwe. Kinyozi alikataa kunyoosha mkono upande wowote. Alisema kukata ni riziki yake, hawezi kuipigia kura.

"Nimewasikia," Mama wa Mashine akasema kutoka juu. "Ila mashine hii naiendesha mimi. Sikati kwa ujumbe wala kwa kura. Mdogo wangu alikata kwa kusikia redioni, mnajua yuko wapi. Anayetaka nikate aje aniambie kwa mdomo wake, mbele ya watu, na anitazame."

Alhamisi ile ukumbi ulijaa. Mkubwa aliwekwa mstari wa mbele, kwenye kiti ambacho Fundi Viti alikivisha kitambaa chekundu mwenyewe. Fundi alikuwa ameifikiria ile sindano ndefu, mahali pa kuisahau ndani ya sponji. Kisha akaiweka mfukoni. Hakuona kingebadilika nini.

Filamu ikaenda. Mchukuzi akavaa kofia, akatoka. Mwanamke kwenye benchi akautazama ukumbi, akamwona aliyekaa mbele.

"Shikamoo, Mkubwa."

"Marahaba," akaitikia Mkubwa, maana alikuwa mtu mwenye adabu.

"Siku ile ya utepe ulisema kata. Ulikuwa unamwambia nani?"

Maneno yakatokea chini ya picha, na ile alama iliyopinduliwa ikiyatangulia. Mkubwa aliyasoma. Akamwinamia Mwalimu aliyekaa kando yake.

"Huyu mama anaigiza vizuri sana. Ana kipaji. Lakini hapa ndipo pamerefuka. Fupisheni."

Mwalimu akasimama, akageukia kidirisha. "Mama, fupisha."

"Mashine haina kufupisha. Ina kuwasha na ina kukata. Aseme mwenyewe anataka ipi."

Mkubwa akageuka kwenye kiti, akamtazama Mama wa Mashine.

"Punguza," akasema.

"Sauti au mwanga, mheshimiwa?"

"Simamisha."

"Haina breki."

Mkubwa alifungua mdomo. Kwenye benchi, mwanamke alisogea mbele kidogo ili asikie. Mahali alipokaa Kinyozi pakasikika mnong'ono: "Sema, baba. Neno lenyewe silabi mbili, halimshindi hata mtoto."

Fundi Viti, amesimama ukutani, aliuona ulimi wa Mkubwa ukipanda juu nyuma, mahali ambapo *k* inaanzia, ukakaa hapo. Kisha ukashuka. Mkubwa akasimama, akavuta koti, akakishukuru chama kwa kukuza sanaa, akasema yaliyoulizwa ni mazuri na yatafanyiwa kazi. Akatoka kwa mlango wa pembeni na wageni wake. Watu wakampigia makofi, kwa mazoea. Mwanamke kwenye benchi aliposikia makofi alifumba macho mpaka yakaisha.

Mkubwa yuko ofisini mpaka leo, na inasemekana atapandishwa tena. Fundi umeme bado anatengeneza redio za watu sebuleni kwa dada yake. Jengo la zamani la hospitali halijarudishiwa laini yake, wanawekamo vitanda vilivyovunjika. Chama kiliandika katika taarifa yake kwamba mlezi alikuja na alifurahi. Kuhusu Mmeksiko hawajaafikiana. Mwalimu anasema ni bingwa wa zama hizi, Kinyozi anasema ni mvivu mwenye bahati, ila siku hizi Kinyozi huwahi kufika na hukaa mbele.

Jioni ile, watu walipokwisha kutoka, Fundi Viti alikwenda kukaa kwenye kile kiti chekundu. Kilikuwa bado na joto la mtu. Mama wa Mashine hakuzima.

"Amejibu?" mkewe akauliza.

"Hajajibu."

"Nilikuwa sijasikia vizuri kwa makofi."

"Hajajibu, mama watoto."

"Basi." Akaweka miguu sawa, kandambili kando kwa kando, uzi wa bluu ukionekana. "Nenda kale. Chakula, si chai."

Fundi Viti hakwenda. Aliketi kimo kilekile cha kamera, anautazama mlango ule uliofunguliwa nyuma ya benchi. Chini ya picha maneno ya Kihispania yalikuwa hayajafutika, na mbele yao alama iliyosimama kichwa chini kama ndoana, inauliza kabla ya kuuliza: siku ile, ulikuwa unamwambia nani?