Msiniinue

Kama kuna kitu kilichomkera Fridah kuliko tajiri anayepita mlangoni bila salamu, ni neno pole. Si kwamba hana adabu. Amelelewa Meru, anajua mtu akianguka mbele yako unamkimbilia, unamwinua, unampangusa na kumpa pole hata kama humjui. Lakini adabu hiyohiyo ndiyo iliyomfungia chini ya kile kilima cha theluji ya kutengenezwa, ndani ya jengo kubwa la maduka, huku nje jua la Dubai likichoma watu.

Walikuwa kikundi cha fleti moja ya mtaa wa Muraqqabat, na kila mwezi walikuja hapo kuteleza kwa skii, vile vibao virefu vya kufunga miguuni. Duncan, mhudumu wa hoteli, na Wilbard, Mtanzania anayefanya kazi ya usafi, walikwisharuhusiwa kupanda lifti ya viti mpaka juu kabisa. Fridah na Mama Teresiah, mkubwa wao kwa umri, walikuwa bado kwenye uwanja wa wanaojifunza. Mwalimu wao, Fawaz, hakuwa na maneno mengi. Uweze kukata kona, uweze kusimama, na ukianguka uinuke mwenyewe. Ukiinuliwa na mtu, khalas, basi tena, hupandi, kwa sababu huko juu hakuna wa kukuinua.

Sasa kona Fridah alizijua. Kusimama alijua. Hata kuinuka alijua, tena vizuri. Ila kwenye mtihani lazima uanguke, na kila akianguka, kabla hajageuza skii zake, huyo Duncan, huyo Wilbard, huyo Mama Teresiah: pole, pole sana, umeumia? Anashtukia yuko wima kama mtoto anayefundishwa dede, na Fawaz anatikisa kichwa. Alishawaeleza kwa upole. Wakaitikia ndiyo, ndiyo, halafu wakarudia yaleyale.

Kilichomchoma zaidi ni hiki: Duncan na Wilbard walipokuwa wakianguka wao, watu walicheka tu. Wakaachwa hapo chini wakahangaika, wakainuka, wakafaulu. Mwanamume anachekwa, anafika juu. Mwanamke anahurumiwa, anabaki kushika mikoba. Hebu niambie hiyo ni huruma gani.

Na Fridah ni mlinzi. Wiki nzima husimama kwenye mlango wa ghorofa la watu akiwafungulia wanaopanda. Siku yake ya mapumziko naye alitaka kupanda, basi.

Siku hiyo Fawaz akamwambia aanguke, akaanguka. Akalalia ubavu, akazilaza skii kukingama mteremko kama alivyofundishwa. Alikuwa ameshatia mkono chini ajisukume, Mama Teresiah akamshika kwapa.

"Niache," Fridah akasema.

"Pole mwanangu, taratibu, nishike hapa."

"Nimesema niache. Niacheni nyote. Nani amewaita? Kila mwezi mnanirudisha nyuma na pole zenu, wala hamuoni haya."

 Mama Teresiah ndiye aliyempokea Fridah alipofika mji huu hana mtu, akalala naye kitanda kimoja mpaka alipopata chake. Mtu kama huyo humkemei mbele za watu. Taratibu Mama Teresiah akamwachia, akarudi nyuma.

"Shukrani ya punda," Wilbard akasema. Hakumalizia, na hakukuwa na haja.

Fridah hakuomba radhi. Alimwomba Fawaz amwache aanguke tena, akaanguka, na safari hii hakuna aliyesogea. Akainuka peke yake.

"Yalla, haya," Fawaz akasema. "Panda."

Ilikuwa siku ya kufurahi, lakini kwenye kile kiti alikwenda akiwasema moyoni mmoja mmoja mpaka juu. Kushuka ndiko alikoshuka vizuri kuliko siku zote. Alikata kona moja baada ya nyingine, na hasira ilimkaza miguu. Akafika chini, akasimama barabara, akatazama nani amemwona.

Hakuna. Mama Teresiah alikuwa amelala kwenye theluji ya wanaojifunza, skii zimepishana, kofia huko. Duncan na Wilbard wamesimama kando yake, mikono mfukoni.

"Mnamtazama tu?" Fridah akawauliza.

"Si ndivyo ulivyotufundisha?" Duncan akajibu. "Mimi tena nimshike mtu? Thubutu."

Fridah akaona giza kwa hasira, na sasa nusu ya hasira hiyo ilikuwa yake mwenyewe. Akavua skii, akakimbia na yale mabuti mazito, akapiga magoti, akanyoosha mkono.

"Mama, nisamehe. Shika."

Mama Teresiah aliutazama ule mkono. Uso ulikuwa umemkunjamana, wala si kwa maumivu.

"Toa mkono wako," akasema. "Ulidhani ni wewe peke yako unayetaka kwenda juu?"