Mgeni Aliyerukwa Siku ya Mahari

Siku ya mahari ya mdogo wangu Orlane, nyumba yetu ya Ngagara ilijaa mpaka watu wakakalia kreti za bia. Mi napenda hivyo. Msemaji wa familia alikuwa Mwalimu Callixte, anayemfundisha binti yangu Mélissa hesabu, darasa la tisa. Aliongea vizuri! Akasalimia wageni wa heshima mmoja mmoja: wakwe, padri, hata Majid muuza vitambaa. Akamruka direkta wa shule yake, aliyekaa mbele kabisa, kwenye kiti nilichomwekea mwenyewe.

Direkta aliweka chupa chini bado ina kizibo chake, akaondoka.

"Huguette, umeona ile sura?" jirani yangu Ghanima akaninong'oneza. "Mutu anakimbia hata mishikaki haijafika!"

Tukacheka.

Jumatatu Mélissa akarudi amenuna. Callixte ametolewa darasani, anapanga vitabu stoo. Hesabu kapewa Madamu Candide, mwalimu wa Kirundi.

"Anafundisha namna gani?"

"Anaandika zoezi ubaoni, anasema tutafute. Tukimuuliza jibu, anasema na yeye anatafuta."

Zilibaki wiki saba mtihani wa taifa ufike. Mélissa alikuwa ametoka nane juu ya ishirini, amefika kumi na nne. Na baba yake alikwisha sema: asipopita, hakuna kurudia darasa, anaenda kushona kwa shangazi yake, mtaa wa Kinanira.

Callixte, Mungu ambariki, akaanza kuja kwangu jioni kuwafundisha. Wakaja watoto kumi na wanne, wamebanana sebuleni.

Lakini shuleni darasa zima lilikuwa linazama. Nikavaa kitenge kizuri, nikaenda kwa direkta.

"Direkta, mutusamehe. Alisahau tu. Watoto wana kosa gani?"

"Mama Mélissa, mi sina kinyongo. Ni kupanga wafanyakazi tu. Ni yeye amekutuma?"

"Apana! Yeye halalamiki. Hata anawasaidia watoto kwangu."

Akatabasamu, akachukua kalamu. "Vizuri sana. Siku gani?"

Nikamwambia. Jumanne na Alhamisi. Nikamtajia na watoto, na chai ninayowapikia. Nilidhani amefurahi, na mi mtu akifurahi siwezi kunyamaza.

Baada ya siku nne ikaja barua: Callixte anahamishiwa Rutana, mbali kabisa, aripoti mara moja. Alipita kuniaga, begi begani. Hakunilaumu. Afadhali angenitukana.

Alhamisi watoto walikuja wote kumi na wanne, maana hakuna aliyewaambia wasije. Wakakaa, wakafungua madaftari. Mélissa akasoma zoezi kwa sauti, wakanitazama.

"Mama, tuanzie wapi?"

Mi niliishia darasa la sita. Nililishika lile daftari, nikaligeuza huku na huku, nikamrudishia. Wakaanza kunakili swali upya, kwa mwandiko mzuri zaidi.