Godoro la Watu Wawili

Kazi yangu ni kuwadanganya wauza duka kwa niaba ya matajiri wao. Ofisini wanatuita wateja wa siri. Tajiri anataka kujua kama wafanyakazi wake wanasalimia watu, kama choo kinanuka, kama mhudumu anachezea simu. Badala ya kuinuka kitini akaangalie mwenyewe, anailipa ofisi, na ofisi inanituma mimi. Naingia, nanunua sabuni, naangalia, natoka, naeleza. Anayefukuzwa ni msichana wa kaunta. Sijasikia hata siku moja kwamba tajiri amefukuzwa kwa sababu ya choo.

Tulianza kazi hii mimi na mke wangu. Tuliandikishwa kundi la wanandoa, maana wazee wa peke yao hawachukuliwi. Wanasema mzee mmoja dukani anaonekana kama amepotea. Mimi nilikuwa bahili, yeye alikuwa macho. Nikimaliza kuvutana na muuzaji juu ya bei, mwenzangu ameshaona kila kitu, mpaka kucha za muuzaji. Tukifika nje ananisimulia, nami natuma maelezo kwa sauti, kwa kuwa kuandika kwangu ni kwa kuchechemea.

Alikufa mwaka jana. Mashine ya hospitali ilikuwa mbovu, na mkubwa wa kusaini itengenezwe alikuwa kwenye semina. Ofisini sikusema. Wakaendelea kututumia vikazi vidogo ambavyo mtu mmoja anaviweza, nami nikaendelea kwenda.

Ndipo ikaja hii ya godoro.

Ujumbe alinisomea shemeji, mdogo wa kike wa marehemu, ambaye anakaa chumba cha pili na ulimi wake haujui likizo. Ilitakiwa twende mume na mke kwenye duka la vitanda. Tulale juu ya magodoro matatu, moja baada ya jingine. Mume atake gumu, mke atake laini. Tubishane, ionekane muuzaji anavyotupatanisha.

"Kulala mchana, tena kwa malipo," shemeji akasema. "Na bado umekunja uso kama umemeza mwiba."

"Siendi."

"Watakutoa."

"Najua. Yule fundi saa tuliyeandikishwa naye alikataa kazi ya hoteli, mpaka leo simu yake haijalia."

"Basi twende mimi na wewe. Muuzaji hana picha ya harusi yenu. Na pua yangu na ya dada ni moja, ila yangu imepata matunzo."

Nikamwambia mambo mengine hayaigizwi. Shemeji akasema polepole, "Alikuwa dada yangu kabla hajawa mke wako, shemeji. Usidhani nafurahia."

Asubuhi nikapiga simu ofisini kukataa. Akapokea yule binti wa siku zote.

"Shikamoo baba. Kukataa ruksa, ila lazima niweke sababu. Ugonjwa, safari, au nauli?"

"Mke wangu hayupo."

"Amesafiri?"

"Amefariki."

Nikasikia vidole vyake vimeacha kugonga kompyuta. "Pole sana baba. Lini tena?"

"Mwaka jana."

"Lakini hapa kwangu yupo. Ile ya sabuni mlikwenda wote. Na ya viatu."

"Nilikwenda mwenyewe."

Akavuta pumzi. "Mimi sijasikia hilo, baba. Ila nikiweka sababu hiyo inabidi nimfute. Nikimfuta yeye, na wewe unatoka, kwa sababu mliingia kama wawili. Sikupanga mimi. Imepangwa huko juu."

"Juu wapi, mwanangu?"

"Juu tu, baba. Hata mimi siwajui."

"Nikisema naumwa?"

"Watataka cheti cha daktari."

Kisha akauliza kwa upole, kama mtu anayetaka kuondoa vyombo mezani, "Nimfute?"

Nilikuwa nimeshamzika. Nilitupa udongo kwa mkono wangu. Nguo zake tumegawa, viatu amechukua shemeji, kitanda chetu kiko kwa mwanangu mkubwa, mimi nalala kwenye kochi. Mahali pekee alipobaki mzima ni kwenye ile ofisi ya watu wasio na haya, ambao kila mwezi wanamtuma dukani. Nikafungua mdomo kusema mfute. Mdomo ukasema, "Mwache. Tutakwenda."

Tukaenda. Muuzaji alikuwa mama wa makamo, miguu imemvimba kwa kusimama. Tajiri wake hakumwekea hata kigoda, katika duka lililojaa vitanda. Alitandika nailoni upande wa miguu ili tusivue viatu, akapigapiga godoro la kwanza, lililosogezwa ukutani.

"Karibuni. Baba, mama, laleni kama mnavyolala nyumbani."

Shemeji akapanda, akalala chali, mkoba kifuani kama mtu anayesubiri basi. Mimi nikabaki nimesimama.

"Na wewe baba. Hili ni la wawili."

Nikalala pembeni kabisa, mguu mmoja chini. Nikakumbuka kazi. "Mimi nataka gumu," nikasema.

"Gumu ndiyo zuri," shemeji akajibu. Alitakiwa kusema laini. Nilimgeukia, naye akaona alichofanya, akafumba macho.

Muuzaji akacheka. "Wengi hugombania hapa hapa. Nyie mmeoana siku nyingi, eti?"

Shemeji akaukumbatia mkoba.

"Nyingi," nikasema.

"Inaonekana. Hebu mama ahamie upande wake, ajisikie vizuri."

Shemeji akanitazama. Hakuujua upande wa dada yake. Angeujulia wapi?

"Wa ukutani," nikasema.

Akajivuta polepole mpaka ukutani, akanipa mgongo, akakunja magoti. Sikuona uso wake, niliona bega tu, lilivyokuwa linapanda na kushuka kwa kwikwi. Muuzaji akatuambia tusiwe na haraka, akaenda kuegemea mlango ili atupe nafasi. Sikuweza kuinuka, wala sikuweza kumgusa shemeji bega. Nikabaki natazama dari la tajiri, na magodoro mawili bado yalikuwa yanatungoja.