Boksi la Bastola ya Baba

Daktari alimwambia Verlin Stuckey kwamba ikifika Krismasi hataweza tena kusoma, hata kwa lenzi. Verlin hakulia. Alifikiria boksi.

Alikuwa na bastola za zamani thelathini na moja, zote za silinda ya kuzunguka, kila moja ndani ya boksi lake la kiwandani pamoja na bisibisi yake, brashi yake na karatasi yake ya maelekezo. Moja tu ilikuwa uchi: ile aliyovaa baba yake kiunoni alipokuwa polisi katika mji wa Neosho. Mzee alipokufa, wanawe wawili walishindwa kuelewana. Verlin akachukua bastola. Mdogo wake Harlan, kwa ukaidi tu, akachukua boksi. Miaka kumi na tisa hawakusemeshana, na nyumba zao ni mwendo wa nusu saa.

Jumanne asubuhi Twyla, binti wa Harlan, alipiga simu. "Baba mkubwa, baba namhamishia nyumba ya wazee kesho. Tangu alfajiri anachoma vitu kwenye pipa. Simwezi."

"Maureen!" Verlin akaita. "Funguo za gari!"

Mkewe aliendesha, yeye amepakata bastola ndani ya taulo, haina risasi hata moja, akimhimiza kama mtu anayewahi mgonjwa mahututi. Barabara kwake ilikuwa ukungu mtupu. Alipofungua mlango wa gari uani kwa Harlan, harufu ya karatasi zinazoungua ilimpiga usoni. Akaikimbilia, akajikwaa, akaangukia magoti.

"Ehe," sauti ya Harlan ikasema. "Umekuja kunizika au kuchukua boksi?"

"Umelichoma?"

"Magoti umeshapiga. Bado kuomba."

"Nakuomba, Harlan. Macho yangu yanakwisha. Nataka nivione pamoja, bastola na boksi, mara moja tu. Baadaye choma, nichome na mimi."

Moto ulikuwa ukitatarika pipani. Kisha Harlan akaingia ndani akikokota miguu, akarudi, akamwekea mapajani kitu chepesi. Verlin akakipapasa: kona zilizochakaa, bisibisi ndogo, brashi, karatasi iliyokunjwa. Akailaza bastola humo. Haikukaa. Akaigeuza. Mtutu ulikwama ukingoni, umezidi kwa upana wa vidole viwili.

"Soma namba ya bastola chini ya boksi," akamwambia mkewe. "Imeandikwa kwa penseli."

Maureen akasoma. Haikuwa yenyewe. Akarudia polepole, tarakimu moja moja, na Verlin akatikisa kichwa.

"Si lake," akasema. "Halijawahi kuwa lake."

"Mzee alikuwa na nyingine, akaiuza," Harlan akasema taratibu. "Bila shaka aliitoa na boksi la hii."

Akacheka kicheko kikavu, kikageuka kikohozi, kisha kwikwi. Akajibwaga kwenye majani, bega kwa bega na kaka yake.

"Mazishi ya mama tulikaa pande mbili za kanisa, Verlin. Kwa ajili ya hiki kikaratasi kigumu!"

Verlin alimgeukia, akakaza macho, akaona doa la kijivu tu pale palipopaswa kuwa na uso. Hilo ndilo lililomvunja: hakujua mdogo wake amezeekaje, na hatajua tena.

"Huko kwa wazee," Harlan akauliza, "utakuja?"

"Nitakuja nikiwa kipofu."

"Afadhali. Nimezeeka vibaya."