Taka za Nyumba ya Kimya

Mimi na uongo hatuivi chungu kimoja, na darasa langu la tano lilijua. Nilipowafundisha habari za taka, sikutaka porojo za ubaoni. Niliagiza kila mtoto alete mfuko wa taka za kwao za wiki nzima. Tunamwaga sakafuni, tunachambua: karatasi huku, plastiki kule, makopo dirishani. Kisha mwenye mfuko anasimama kueleza kwao wananunua nini na wanatupa nini.

Kuna msichana tuliyemwita Kimya, maana muhula ungeisha hujamsikia sauti. Mfuko wake ulijaa pomoni: pakiti za maziwa, maboksi ya juisi, makopo ya nyama.

"Makubwa! Kumbe kwenu mnajipenda," nikamwambia. "Haya, tueleze."

Hajafungua mdomo, mtoto wa mwenye duka akaruka. "Mwalimu, hizo ni taka zetu! Ona, bahasha ina jina la baba!"

Darasa likaangua kicheko. Damu ikanichemka.

"Umechokoa pipa la watu uje kunidanganya mimi? Taka za kwenu ziko wapi?"

Akanisogelea, akanong'ona, "Mwalimu, naomba nikuambie nje."

Ningetoka naye ingenigharimu dakika mbili. Nikasema hapana, wenzake wote wameeleza hapa hapa, na yeye aeleze, tena kwa sauti.

"Kwetu hakuna taka," akasema. "Tunakula mara moja, jioni, na hakibaki kitu. Vya pakiti hatununui. Niliogopa kuleta mfuko mtupu."

Mtu huko nyuma akadakia, "Basi ninyi ndio mabingwa wa mazingira!"

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka. Kimya aliniona nikicheka.

Kesho yake hakuja, wala keshokutwa. Siku ya tatu, tukiwa bado tunachambua, mama yake akapiga hodi. Ni dobi, alikuwa na mikono iliyonyauka kwa sabuni, na amekumbatia madaftari kifuani.

"Karibu, mama. Mtoto anaumwa?"

"Haumwi. Anasema afadhali afe kuliko kurudi humu. Nimembembeleza, nimemchapa, wapi! Ameshaanza kufua na mimi."

"Mama yangu, nisamehe. Nitakuja mwenyewe kuzungumza naye."

"Uje umwambie nini?"

Akayatazama malundo yetu sakafuni.

"Karatasi mnaweka lundo lipi?"

Kidole changu kilionyesha kabla akili haijafika. Akainama, akayapanga madaftari pale moja moja, akinyoosha kona zilizokunjika. Kurasa zilijaa vema zangu za kalamu nyekundu. Safari hii hakuna mtoto aliyecheka.

"Haya, mwalimu," akasema, akijifuta mikono kwenye kanga. "Na sisi tumetupa."